Usinunue ya Kukulia: Maswali na Majibu Kuhusu Suti za Watoto za Bahari Baridi

Mtoto aliyezaliwa Leicester au Birmingham husikia wazazi wake wakiisifu bahari ya Nyali na Jambiani, kisha siku moja ya Mei anapelekwa Scarborough. Jua linawaka, watu wamevua mashati, naye anayakimbilia maji. Hata dakika mbili hazijapita, amesharudi analia. Bahari ya kwetu haishuki sana chini ya nyuzi joto 25 hata kusi inapovuma. Bahari ya huku mwezi wa Mei huwa kwenye nyuzi 10 hivi, hata kama hewa imefika 20. Ndiyo maana familia nyingi za Waswahili wa Uingereza zimeanza kuulizia suti za mpira za kuogelea, zile zinazoitwa wetisuti. Nawafundisha watoto kuingia baharini, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wazazi.

Suti hii inamfanya mtoto asilowe kabisa? Mbona ina uwazi shingoni na mikononi?

Atalowa, na hilo si kosa la suti. Suti hushonwa kwa neopreni, mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto la mwili lisitoroke. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alizibuni suti hizi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wapiga mbizi. Alichokiona yeye ni kwamba mtu si lazima awe mkavu ndipo apate joto. Maji kidogo yakiingia na kutulia, mwili huyapasha na mambo yakaendelea.

Shida ni maji yasiyotulia. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo kila wimbi likisukuma maji mapya ndani ya suti na kutoa yale yaliyokwisha kupata joto, mtoto anaanza upya kuyapasha. Anapasha bahari.

Kijana wangu ana miaka sita na anarefuka kila kukicha. Ninunue ya miaka minane ili aivae misimu miwili?

Hapana, mama. Swali hili nalipata kuliko yote, na ninajua linatoka wapi: sisi ni watu wa kununua sare kubwa, kukunja pindo, na kusema atakulia humo humo. Kwa sare ni busara. Kwa suti ya baharini ni pesa iliyotupwa, kwa sababu suti pana hujaa maji kama ndoo. Mtoto hubeba uzito, maji hayatulii, na baridi inamwingia karibu sawa na mwenzake aliyevaa kaptula.

Usitazame umri ulioandikwa kwenye lebo. Mpime urefu na kifua, kisha ulinganishe na jedwali la mtengenezaji, maana kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Akishaivaa, kagua sehemu nne: kwapani, kinena, kiunoni nyuma juu ya makalio, na shingoni. Nafasi ya hewa inayobaki mahali hapo ndipo maji yatakapokaa. Mgongo wa chini ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa mtoto akisimama wima suti huonekana imemkaa vizuri. Mwambie achuchumae, ainue mikono juu, ajipinde. Suti nzuri itamfuata bila kumvuta mabega.

Itakuwa ngumu akiwa mkavu, na atalalamika. Ikishalowa hulegea kidogo. Lakini kama hawezi kuvuta pumzi ndefu, au vidole vinamfa ganzi, hiyo ni ndogo, mwachie mdogo wake.

Kuhusu gharama, dawa yake ni mitumba. Watoto wa huku huziacha suti zao zikiwa karibu mpya, kwani msimu ni mfupi na miili haisubiri. Maduka ya hisani ya miji ya pwani huwa nazo. Kama mnakwenda baharini mara moja tu kwa mwaka, kodini pale pale: fukwe nyingi za Cornwall na Wales zina vibanda vinavyokodisha suti za watoto kwa siku. Ukinunua mtumba, vuta mishono yote uitazame kwenye mwanga, na ukunje mpira kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo, mpira umekwisha zeeka, hata kama rangi bado inang'aa.

Nimeona zimeandikwa 3/2, 4/3, 5/4. Ni saizi?

Ni unene kwa milimita. Namba ya kwanza ni ya kifua na mgongo, ya pili ni ya mikono na miguu, ambako suti hupunguzwa unene ili viungo vijongee. Agosti kusini-magharibi ya Uingereza na kwenye rasi ya Gower, Wales, bahari hufika nyuzi 16 hadi 18, na 3/2 ndefu inamtosha mtoto anayecheza. Kwa Northumberland, Uskoti, au popote pale mwezi wa Mei, tafuta 4/3 au zaidi. Zile fupi, zinazoishia gotini na juu ya kiwiko, hujaa madukani wakati wa kiangazi kwa kuwa ni rahisi. Mimi sizipendi kwa watoto wa huku. Mtoto mdogo haogelei muda wote. Anasimama kwenye maji ya magotini, nusu ya mwili iko kwenye upepo, na miguu na mikono iliyo wazi ndiko joto linakotorokea.

Jambo moja wageni hawalitarajii: bahari hii huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Huwa baridi zaidi mwishoni mwa Februari na Machi, na vuguvugu zaidi Agosti na Septemba. Siku ya mawingu ya Septemba maji yake ni mema kuliko ya siku ya jua kali ya Mei. Kama ratiba inaruhusu, nendeni wikendi ya Septemba; na maegesho yatakuwa wazi.

Mishono nayo ina maana. Mshono bapa, unaoonekana pande zote mbili kama njia ya reli, hupitisha maji kwenye matundu ya sindano. Uliogundishwa kisha ukashonwa bila sindano kutoboa hadi upande wa pili huzuia maji vizuri zaidi, na bei yake hupanda. Kwa Agosti mshono bapa unavumilika.

Kumvisha ni vita. Kuna njia?

Mvishe angali mkavu na ana joto, ikiwezekana kabla hamjashuka kwenye gari. Mtie mfuko wa plastiki mguuni, upitishe suti juu yake, kisha uuvute mfuko. Fanya hivyo kwa kila mguu na kila mkono. Vuta kwa nyama za vidole, si kwa kucha, maana kucha hutoboa neopreni. Zipu ya mgongoni ni rahisi kwa watoto kuliko ya kifuani. Na usimpake mafuta ya mgando ili iteleze: mafuta yatokanayo na petroli hayapatani na mpira huu.

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na anajisitiri. Suti inabana mno. Tufanyeje?

Suti ndefu inafunika kuanzia shingo hadi vifundo vya mikono na miguu, na kofia ya neopreni inafunika nywele, masikio na koo. Linalobaki ni umbo. Mvalishe juu yake kaptula ya kuogelea ya magotini na fulana pana kidogo ya nailoni ya kuogelea, ambayo haishiki maji. Wasichana wengi huvaa hivyo na hakuna anayegeuka kutazama. Dera, kanga au fulana ya pamba juu ya suti nazikataa kabisa: zikilowa zinakuwa nzito, zinazunguka miguu, na mawimbi huzivuta.

Hiyo kofia ina faida nyingine kwa watoto wetu, wake kwa waume. Nywele zilizosukwa hushika maji ya baridi kwa saa nzima baada ya kutoka, na kichwa kinaendelea kupoa huku mtoto anakula sandwichi.

Nitajuaje kwamba amepata baridi ya hatari? Yeye daima husema hana baridi.

Hatasema. Anajua ukisikia ana baridi utamtoa. Kazi hiyo ni yako, na kwa mtoto haitaki uzembe: mwili mdogo una ngozi nyingi kwa uzito wake na mafuta machache, hivyo hupoa haraka kuliko wako. Usipime baridi yake kwa kujipima wewe uliyekaa mchangani na jaketi.

Miongozo mingi ya huku hukuambia utazame midomo ikigeuka bluu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, ushauri huo haukutoshi. Rangi hiyo unaweza usiione midomoni hadi mambo yameshaharibika. Mfungue mdomo, utazame ulimi na ufizi, kisha viganja na nyayo. Lakini kabla ya rangi, tazama tabia. Aliyekuwa anapiga kelele amenyamaza. Amejikunyata, mikono kifuani. Koleo la plastiki linamponyoka, anajikwaa pasipo na kitu, maneno yanamkwama. Kutetemeka ni ishara kwamba mwili bado unapigana. Mtoto aliyepata baridi akaacha kutetemeka na kuanza kusinzia au kuchanganyikiwa ni dharura, piga 999.

Mimi sisubiri kutetemeka. Mara ya kwanza ya siku huwaacha dakika ishirini, nawatoa, wanakula na kukimbia, kisha wanarudi kama bado wana hamu. Mtoto mchanga, kwa maoni yangu, hana kazi kwenye maji ya nyuzi 14, hata kama madukani wanauza suti za saizi yake. Mchanga unamtosha.

Akitoka, wazazi wengi humwacha na suti iliyolowa wakidhani inamkinga. Kwenye upepo, maji yaliyo juu ya suti huvukiza na kuondoka na joto lake. Kama harudi majini upesi, ivue yote, mkaushe, mvalishe nguo kavu kuanzia juu, kofia ya sufu kichwani, na mkae nyuma ya ukuta au kizuia upepo. Chupa ya chai ije na chai ya maziwa yenye sukari, ya vuguvugu. Usimsugue kwa nguvu na usimtie kwenye maji ya moto. Joto la mwili linaweza kuendelea kushuka kwa muda baada ya kutoka, kwa hiyo usiache kumtazama kwa kuwa tu yuko nchi kavu.

Na baridi isiwasahaulishe jua: krimu ya jua bado inahitajika usoni, masikioni na nyuma ya mikono.

Suti inanuka. Naisafishaje?

Amekojoa ndani, wote hukojoa, na watu wazima pia. Igeuze nje ndani, isuuze kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, kisha ianike kivulini ikiwa imekunjwa kiunoni juu ya kiango kinene. Mashine ya kufulia, pasi, dawa ya madoa na redieta ya nyumbani vyote huua mpira.

Mwanangu hajui kuogelea vizuri. Akivaa suti si ataelea?

Ataelea kidogo, kwa sababu ya vile vipovu, na hapo ndipo hatari ilipo. Suti si jaketi la kuokoa maisha. Haitamgeuza uso ukaangalia juu, na haitamzuia kuvutwa na mkondo. Wazazi hulegea wakimwona mtoto amevaa suti, wakachukua simu. Kwa mtoto wa umri wa kwenda chekechea, simama naye ndani ya maji, umbali wa mkono wako, nawe uvae yako.

Asikimbilie ndani kwa kishindo. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 hushtua mwili: mtu huvuta pumzi kubwa bila kutaka, na kama kichwa kiko chini wakati huo, anavuta maji. Suti hupunguza mshtuko huo lakini haiuondoi. Aingie polepole, ajimwagie usoni na shingoni, asubiri pumzi itulie. Mfundisheni pia kulala chali, masikio ndani ya maji, mikono imetandazwa, akiwa bado kwenye kina kifupi. Hilo ndilo RNLI, asasi ya uokoaji baharini iliyoanzishwa 1824, inalolisisitiza kwa mtu yeyote aliyepata shida majini: elea kwanza, pumzi irudi, kisha piga kelele au ogelea.

Chagueni ufukwe wenye waokoaji, na muwepo kati ya bendera mbili zenye nusu nyekundu juu na nusu njano chini. Bendera nyekundu tupu inakataza kuingia. Mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa ukipandishwa, upepo unasukuma kuelekea kilindini. Siku hiyo maboya na mashua za kupuliza zibaki garini. Mimi ningeziacha nyumbani siku zote. Rangi ya suti ikiwa ni hiari yenu, tafuteni yenye chungwa kali au waridi inayong'aa, kwa kuwa suti nyeusi au ya bluu hupotea machoni mara tu wimbi linapoinuka.

Ukimwona mtu anachukuliwa na maji, usimfuate. Mwite mwokoaji aliye karibu; kama hayupo, piga 999 na uombe Coastguard (walinzi wa pwani), si polisi.