Goti Lililopasuliwa na Safari ya Miezi Tisa

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa sekondari huko Choma, wilayani Igunga, katika Mkoa wa Tabora. Ni kiangazi, na udongo mweusi wa mbuga umepasuka nyufa. Mchezaji huyu anakimbia na mpira, anageuka ghafula, lakini wayo wake umenasa ardhini. Mlio unasikika gotini, na baada ya muda mfupi goti limevimba. Anafanyiwa upasuaji. Miezi minne baadaye hana maumivu tena, na mashindano ya UMISSETA yamekaribia. Je, acheze? Swali hilo ndilo tutakalolijibu katika somo hili.

Muundo wa goti

Ncha za mviringo za fupa la paja hukaa juu ya mfupa wa muundi, ambao kichwa chake ni karibu bapa. Mifupa hiyo ingeteleza kwa urahisi kama isingefungwa kwa ligamenti, yaani kamba za nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ndani ya goti ligamenti mbili hupishana kama herufi X. Ile ya mbele huzuia muundi usichomoze mbele wala kuzunguka kupita kiasi. Hiyo ndiyo hukatika mchezaji anapogeuka ghafula. Katika nchi za theluji, wachezaji wa ski, ambao huteleza mlimani kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, huikata pia: ubao huelekea upande mmoja, na mwili upande mwingine.

Mzigo wa goti ni mkubwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19 walibeba kiasi cha frasila 2, yaani kama kilo 32. Lakini hata asiyebeba kitu, anaposhuka ngazi, goti lake hubeba mara tatu ya uzito wake au zaidi. Kwa mtu wa kilo 60, huo ni mzigo wa kilo 180.

Kazi ya mpasuaji

Ligamenti hii ikikatika, mara nyingi haijiungi vizuri, kwa kuwa imezungukwa na ute wa kiungo, na donge la damu ambalo lingeanzisha uponaji halikai mahali pake. Baadhi ya wagonjwa hutosheka na mazoezi ya kuimarisha misuli. Wengine hufanyiwa upasuaji, ambao hupatikana hata hapa nchini, kama katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996. Mpasuaji huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, mathalani kutoka nyuma ya paja, akakipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani na kukikaza.

Hapa ndipo penye jambo linalowadanganya wengi. Kano iliyohamishwa imekatiwa damu yake, hivyo seli zake nyingi hufa. Katika miezi ya mwanzo, mishipa mipya ya damu huipenya, seli mpya huingia, na nyuzi za zamani huvunjwa ili zijengwe upya. Wakati nyumba inapobomolewa ili ijengwe tena, ndipo inapokuwa dhaifu. Kadhalika kano hii: hudhoofika kwanza, kisha hupata nguvu polepole, kwa muda wa mwaka au zaidi. Lakini uvimbe na maumivu huondoka mapema. Kwa hiyo kutosikia maumivu si ushahidi wa kupona.

Ushahidi wa uchunguzi

Uchunguzi uliofanywa Norway na Marekani, na kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia miezi 9, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Bingwa wa ski wa Marekani, Lindsey Vonn, aliumia goti Februari 1913 + 100, yaani 2013. Akarejea mwaka huohuo, akaumia tena, akaikosa Olimpiki ya 2014. Baada ya kupona kwa utulivu, Desemba 2014 alishinda tena.

Kipimo cha mguu mmoja

Muda peke yake hautoshi. Nguvu nazo zipimwe. Mgonjwa aliyeruhusiwa na mtaalamu huruka mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo. Tuseme mguu mzima umeruka sentimita 150, na uliopasuliwa sentimita 120:

120 ÷ 150 × 100 = asilimia 80

Wataalamu hutaka angalau asilimia 90. Mchezaji huyu bado. Tena ikumbukwe kuwa mguu mzima nao hudhoofika kwa kukaa bila mazoezi. Hivyo nguvu za misuli ya paja zipimwe pia.

Msafara wa kutoka pwani hadi Tabora ulichukua kiasi cha miezi mitatu, na ulikwenda kituo kwa kituo. Safari ya goti ni mara tatu ya hiyo: kukunjua goti, kutembea, kukimbia moja kwa moja, kugeuka, na mwisho kushindana. Basi jibu la mwanafunzi wetu wa Choma ni kwamba asicheze mwaka huu. Mwalimu amweleze sababu, wala asimwite mwoga. Mashindano yatarudi mwakani.

Maswali

1. Kwa nini kano iliyohamishwa hudhoofika kabla ya kupata nguvu?
2. Mguu mzima umeruka sentimita 160. Uliopasuliwa unapaswa kuruka angalau sentimita ngapi?
3. Eleza kwa nini nyufa za uwanja huongeza hatari kwa goti.