Kabla ya Kumlaumu Kijana

Katika kigango chochote maneno haya husikika: “Yule aishi na mwanamke bila ndoa, imani hana.” Ni mepesi kutamka. Wakiwa wawili tu katika kigango kizima, huenda shida ni yao wenyewe. Lakini wakiwa nusu ya vijana wote, je, imani imewapotea kwa pamoja kama kundi la mbuzi?

Mmarekani C. Wright Mills, mtaalamu wa elimu ya jamii, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000, asiye na kazi akiwa mmoja, tumwangalie yeye, tabia yake na ufundi wake. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, dawa haipatikani kwa kuchungulia tabia ya mtu mmoja mmoja.

Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji alikwisha kuifuata njia hiyo mapema. Alipokuwa mseminari aliwakuta wenzake wa shule wamekuwa vibarua wa viwanda, nao wamelipa Kanisa kisogo. Hakuridhika kuwaita wakaidi. Alitaka kujua kazi ile inawatenda nini. Mwaka 1925 alianzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo, chenye kanuni yake: tazama, amua, tenda. Papa Yohane XXIII aliipendekeza kanuni hiyo katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961.

Basi, wazazi wapenzi, tuitazame ndoa. Kwa kawaida Kanisa ladai padre au shemasi mwenye ruhusa, mashahidi wawili, na hiari ya wanaooana. Halidai ukumbi, wala keki, wala kadi za mchango. Wanaodai ni sisi. Mahari ikiisha kutajwa, kamati ya harusi huketi. Kijana mwenye ujira wa kibarua huona haya, huahirisha, mtoto huzaliwa, na mwaka wa tano wangali vilevile, mbali na Komunyo Takatifu. Mama hulia Jumapili kwa ajili ya mwanawe, na Jumatatu huikataa harusi isiyo na shamrashamra!

Sisemi kijana hana kosa, hiari anayo. Wala mahari yenyewe si uovu, maana yaunganisha koo mbili. Lakini jumuiya ikikutana wiki hii, wazazi na waulizane: Binti yetu tulimtajia mahari gani? Harusi yetu ya mwisho ilikusanya shilingi ngapi, na siku ya pili maarusi walibakiwa na nini?