Mtoto Akiwa Nyumbani Siku za Likizo

Shule zilipofungwa mwezi wa Juni, mwana wetu wa darasa la tatu alituletea karatasi ya maendeleo yake. Hesabu zilikuwa mbaya, na kazi za kunakili ubaoni mbaya zaidi. Mwalimu aliandika neno moja: mvivu. Nasi tulisadiki upesi, maana nyumbani mtoto husoma kitabu chake vizuri. Asomaye vizuri nyumbani na kushindwa shuleni, kama si uvivu ni nini?

Basi tukafanya shauri la kumfundisha wenyewe kila asubuhi. Dr. Martin Luther, alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliagiza juu ya sehemu zake kuu kwamba baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Tulijiona tunautimiza wajibu huo, na fimbo tuliiweka mezani. Siku ya nne mtoto hakuonekana. Tulimkuta kwa bibi yake, amejificha nyuma ya zizi la mbuzi. Bibi akatuambia, "Wanangu, mtoto amekuja kupumzika, nanyi mmemfungulia shule ya pili. Nendeni naye mkakate majani." Hatukupendezwa, lakini ni nani hapa Uchagani awezaye kubishana na mama yake?

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameondoka, Kibo ikaonekana wazi na theluji yake. Tukamwonyesha. Akakunja macho, akatazama sana, kisha akauliza kwa upole, "Theluji iko wapi, baba?" Tulidhani anafanya mzaha. Tukamwonyesha mbuzi wa jirani ng'ambo ya mfereji. Hata hao hakuweza kuwahesabu. Tukatua mizigo ya majani njiani, hatuna la kusema.

Juma lile lile tulishuka naye Moshi, katika hospitali ya KCMC. Daktari alitueleza ya kuwa jicho la namna hii huwa refu kidogo kupita kiasi, hata sura ya kitu kilicho mbali hutua kabla ya kufika nyuma ya jicho. Kilicho karibu huonekana vema. Ndiyo sababu kitabu hakikumshinda, bali ubao. Mara nyingi hali hii huanza katika miaka ya shule. Wazazi, na ninyi walimu wa watoto, mwangalieni mtoto akunjaye macho, asogezaye kitabu karibu na uso, au anakiliye daftari la mwenzake. Miwani humsaidia, fimbo haimsaidii.

Tulimwomba mtoto radhi, jambo lisilo jepesi kwa wazazi wa kwetu. Tukamwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, "Nilidhani watu wote huona hivyo."

Siku zilizobaki alizimaliza kwa bibi yake na mbuzi wake. Shule zilipofunguliwa Julai tulikwenda naye, tukamwomba mwalimu amketishe mbele na kulifuta lile neno. Akalifuta.