Jaribu Mfuniko Kabla ya Kulipa: Elimu kwa Mnunuzi wa Mashine Ndogo ya Kukatia Viungo

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Mashine ndogo za umeme za kukatia vitunguu, tangawizi na nyama zimeingia majumbani kwa kasi. Zinauzwa madukani, minadani na hata kwa picha za kwenye simu, na wanaozinunua wanarudi na kilio kile kile: mota imetoa moshi, bakuli limepasuka na, hili ndilo lililotushikisha kalamu, mtu amekatwa vidole. Tunafahamu kwamba wananchi wengi wamechoka kuelekezwa na maofisi, na kwamba kila anayekuambia ununue hiki uache kile hushukiwa kuwa na mkono wake dukani. Ofisi yetu haiuzi mashine wala haimpigii debe muuzaji yeyote. Kwa hiyo hatutakutajia jina la mashine ya kununua. Tutakutajia jambo moja la kupima kabla hujatoa fedha, na tutalirudia hadi lizoeleke: mashine salama hukataa kuzunguka mpaka mfuniko wake ufungwe. Inayozunguka mfuniko ukiwa pembeni haifai kuingia jikoni kwako, hata ikiwa bei yake ni nusu ya nyingine.

Sababu iko katika namna mashine inavyofanya kazi. Ndani ya bakuli kuna kisu chenye mabawa mawili au manne, kilichoshikwa na kitovu cha plastiki. Mota, ama iliyo chini ya bakuli ama iliyo juu kama kichwa, hukizungusha kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuyahesabu mabawa yake. Vidole haviwezi kukwepa kasi hiyo. Ndiyo maana waliobuni mashine za namna hii wakaweka swichi ndogo iliyofichwa, ambayo hubanwa na ulimi wa mfuniko pale tu mfuniko unapokaa sawasawa. Mfuniko usipokaa, umeme haufiki kwenye mota. Ni kipande kidogo na cha bei ndogo, na kwa sababu mnunuzi hakioni, ndicho cha kwanza kuachwa na mtengenezaji anayetaka kuuza rahisi. Wati zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, rangi inang'aa, bakuli ni la chuma cha kuvutia, lakini swichi haipo.

Basi jaribu, na ujaribu hivi. Mwambie muuzaji akitoe kisu ndani ya bakuli na kukiweka mbali kabisa. Hatua hii isirukwe na yeyote, hata muuzaji mzoefu. Bakuli likiwa tupu na mfuniko ukiwa pembeni, plagi ichomekwe na kitufe kibonyezwe. Mota isitoe hata mlio. Kisha mfuniko uwekwe juu bila kufungwa hadi mwisho, kitufe kibonyezwe tena, na hapo pia mota ibaki kimya. Kama mashine ni ya kichwa cha juu, kichwa hicho kishikwe peke yake na kibonyezwe. Kikizunguka mkononi bila bakuli wala mfuniko, umekwisha kupata jibu. Muuzaji akisema hapa mnadani hakuna umeme, ahirisha. Akisema boksi likifunguliwa lazima ulipe, ondoka. Ukinunua kwa simu na kuletewa mlangoni, jaribio lifanyike mlangoni kabla ya malipo. Hili si suala la adabu wala la kumdhania mtu ubaya, na usilionee haya.

Wapo wanaosema: mimi ni mtu mzima, siwezi kuingiza mkono kwenye mashine inayozunguka. Hoja hii tunaiheshimu, lakini inasahau jinsi jikoni zetu zilivyo. Umeme hukatika. Mashine yenye swichi ya kuwasha na kuacha husimama katikati ya kazi, mpishi hufungua akwangue kitunguu kilichoganda pembeni, na umeme hurudi bila hodi. Mtu huyo hakuwa mzembe. Alifungua mashine iliyokuwa imesimama. Tena jiko si la mtu mmoja. Mtoto hupita, dada wa kazi huja na mashine asiyoijua, mgeni husaidia kupika siku ya shughuli. Uangalifu wa mwenye nyumba haumlindi mtu wa pili. Ndiyo maana, pamoja na swichi ya mfuniko, tunashauri kitufe kinachofanya kazi kikiwa kimebonyezwa tu, ambacho ukikiachia mashine inasimama. Na swichi ya mfuniko ikifa baada ya muda, usikubali fundi aunganishe nyaya moja kwa moja ili “iwake tu”. Fundi wa namna hiyo anakurudishia mashine ile ile tuliyokukataza kununua.

Wengine wanasema, na hapa ndipo hoja ina uzito, kwamba mashine yenye kinga ni ghali na mfuko hauruhusu. Jibu letu ni kwamba unafuu haumo kwenye umeme peke yake. Ipo mashine ya mkono ya kuvuta kamba: bakuli la plastiki, kisu cha mabawa matatu hivi, na kamba inayozungusha kisu unapoivuta. Haina mota, haiungui, haidhuriwi na kukatika kwa umeme, na kisu chake hakianzi kuzunguka chenyewe. Kwa kitunguu, nyanya, karoti, pilipili hoho na kitunguu saumu inatosha nyumba ya watu wanne au watano. Udhaifu wake ni kamba inayokatika na nyama ngumu inayoishinda. Hata hivyo uamuzi wetu hauyumbi: kama fedha haitoshi kwa mashine ya umeme yenye kinga, nunua ya kamba, na usinunue ya umeme isiyo na kinga. Kisu cha mashine ya kamba nacho ni kikali, kwa hiyo kishikwe kwa kitovu, siyo kwa mabawa.

Mashine ikishavuka mtihani wa mfuniko, igeuze usome kibandiko kilicho chini ya mota. Maandishi ya kwenye boksi ni ya kuuzia. Kwa umeme wa Tanzania na Kenya kibandiko kionyeshe volti 220 hadi 240. Mashine ya volti 120, kama zile ambazo ndugu hutuma kutoka Marekani, itaungua ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu. Wati 200 hadi 400 zinatosha kazi za nyumbani, na anayeogopa Luku ahesabu: mashine ya wati 300 hutumia uniti 1 baada ya kuzunguka kwa jumla ya dakika 200, ilhali sufuria moja ya mchuzi haihitaji hata dakika moja. Tafuta pia herufi KB zikifuatiwa na dakika. Huo ndio muda ambao mota inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo kabla ya kupumzishwa, na mara nyingi ni dakika moja tu. Moshi unaolalamikiwa sana hutokana na kuupuuza muda huo. Bonyeza kidogo, achia, tazama, bonyeza tena. Ukishikilia kitufe, kitunguu kitageuka uji na mota itachoka. Mifupa, barafu, manjano makavu na vipande vikubwa vya nazi si kazi yake.

Usidanganywe na sumaku pia. Imeenea imani kwamba kisu kinachovutwa na sumaku ni cha chuma duni. Vyuma vingi vya pua vinavyofaa kwa makali huvutwa na sumaku, na vile visivyovutwa mara nyingi ni laini zaidi na hushindwa kutunza makali. Kagua badala yake maungio: kisu kisicheze kwenye kitovu, na pasiwe na ufa. Hata jina kubwa halikuondolei kazi hii. Desemba 2016 nchini Marekani zilirudishwa mashine za Cuisinart za kuandalia chakula zipatazo milioni 8, kwa sababu visu vilivyoungwa kwa ribiti vilikuwa vikipata nyufa na kuacha vipande vya chuma kwenye chakula. Taarifa 69 zilikuwa zimepokelewa, 30 kati yake zikihusu vinywa kukatwa au meno kuumia. Kisu kikaguliwe kila kinapooshwa, nacho kioshwe peke yake kwa brashi, kisizamishwe kwenye beseni la povu ambamo mtu mwingine ataingiza mkono asikione. Na kabla ya kufungua, kukwangua au kuosha, chomoa plagi. Tunarudia: chomoa plagi, siyo kuzima kitufe tu.

Alama ya CE iliyochapishwa kwenye boksi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo haichukui nafasi ya jaribio la mfuniko. Kazi ya viwango nchini Tanzania ni ya Shirika la Viwango (TBS), na Tume ya Ushindani inasimamia sheria ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji. Lalamiko lina nguvu likiwa na risiti ya EFD, na dhamana nyingi hazihusu mashine inayotumika kwenye biashara, kwa hiyo mama lishe na wenye mighahawa wasome masharti kabla ya kununua. Mashine ikikudhuru, usiitupe na usimgawie jirani. Ihifadhi pamoja na kisu chake, boksi lake na risiti, uilete ofisini kwetu kama ilivyo.