Mafua Hayaponi kwa Rangi Mbili
Kijitabu cha afya kwa kaya za Chiwanda

La kwanza

Usinunue rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, kwa ajili ya mafua.

Mafua, pamoja na kikohozi kingi kinachoambatana nayo, huletwa na virusi. Rangi mbili, amoksilini na antibiotiki nyingine huua bakteria, virusi haziviwezi. Ukimeza kidonge siku ya tano ukapona siku ya saba, sifa ni ya mwili wako.

Mwili unajitetea

Mwili una askari wake. Homa na kamasi zinaonyesha wako kazini. Wape uji, usipa, matunda, maji na usingizi. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe zaidi.

Chanjo

Surua nayo huletwa na virusi, na kinga yake ni chanjo: sindano ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18, usikose.

Kwa nini tunasema tena na tena

Dozi ya nusu huua bakteria dhaifu na kuacha wale sugu. Siku mtoto anapata nimonia kweli, dawa ileile haimsaidii. Na bakteria hao hawakai kwako tu, wanahamia kwa jirani.

Kwa hiyo usinunue vidonge vinne kwa sababu hela ndiyo hiyo. Usigawe dozi ya mdogo kwa kaka yake. Usitunze vilivyobaki. Usimeze dawa iliyomponya shemeji. Usipasue kapsuli ukanyunyizia unga kwenye kidonda. Na mafua yakija, usinunue rangi mbili!

Maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoani kwetu Ruvuma, mwaka 2003, ili vijijini tupate dawa kwa mtu aliyefunzwa. Mweleze ugonjwa, msikilize. Usiende kumwagiza kapsuli kama unaagiza sukari.

Homa

Pima malaria kwanza.

Kuhara

Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, hakutaki rangi mbili. Pakiti moja ya ORS, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Zinki siku 10, hata kama kuhara kumekoma. Maji ya ziwa ni ya kuchemsha, hata yakionekana meupe. Akihara damu, mpeleke zahanati.

Anayeishi na VVU

VVU pia ni virusi; dawa za ARV ndizo zinazolinda kinga ya anayeishi navyo. Asiruke hata siku moja.

Usisubiri kuche

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, huenda ni nimonia. Pia kifua kikibonyea ndani, degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, au homa kwa mtoto wa chini ya miezi 2: nenda sasa hivi, hata usiku. Hapo mhudumu akimwandikia antibiotiki, mpe kwa saa zilizopangwa hadi dozi iishe, hata akianza kucheza siku ya pili.