Kufukuza Mbu kwa Majani na Maua ya Shambani

Wakulima wa nchi ya Tanga wanajua vema jinsi mwaka unavyokwenda. Masika huanza mwezi wa Machi, mahindi huota, na magugu huota pamoja nayo. Kisha, wakati palizi inapotaka mikono yote ya nyumba, ndipo homa ya malaria inapobisha hodi. Mama hushinda hospitali na mtoto mgonjwa, baba mwenyewe hutetemeka kitandani, nayo magugu hayangoji. Mtu akipoteza wiki mbili za palizi, ghala lake litamwonyesha hasara hiyo wakati wa mavuno. Kwa hiyo habari ya mbu si habari ya waganga peke yao, ni habari ya shamba pia. Na kwa mtoto mdogo ni jambo kubwa kuliko ghala, maana malaria huua, na wengi wa wanaokufa kwayo katika Afrika ni watoto wasiotimiza miaka 5.

Karatasi hii yaeleza dawa za kufukuza mbu ambazo mkulima aweza kujifanyizia mwenyewe, na kazi ambayo dawa hizo zaiweza na ile zisizoiweza. Lakini kwanza yakupasa kumjua adui.

Mbu achukuaye malaria huitwa anofelesi. Jike peke yake ndiye aumaye, kwa sababu ataka damu ili mayai yake yapevuke. Dume hunywa utamu wa maua tu. Daktari Ronald Ross, alipokuwa India mwaka 1897, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu wa namna hii. Utamtambua akitua ukutani: huinua sehemu yake ya nyuma juu, kama msumari uliopigwa upande. Mbu wa chooni, yule mwenye kukusanyika kwa wingi mijini, hukaa mwili wake ukiwa sawa na ukuta.

Tena angalia sana saa zake. Anofelesi wengi huuma usiku mkubwa, tangu saa nne hata alfajiri, watu wakiwa usingizini. Lakini wako wanaoanza mapema, mara jua likichwa, nao huwauma watu walioketi barazani na jikoni. Basi usiku una sehemu mbili, na kila sehemu ina silaha yake. Silaha ya wakati wa kulala ni chandarua chenye dawa. Lakini tangu magharibi mpaka saa ya kulala chandarua hakikusaidii, maana hakuna mtu apikaye ugali chandaruani. Hapo ndipo majani yana kazi.

KIVUMBASI

Mmea huu ni wa jamii ya mrihani, nao huota wenyewe kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Watu wa Tanga wameutumia tangu zamani kufukuzia mbu. Nguvu yake imo katika mafuta ya majani, yale yanayonukia ukilisugua jani kwa vidole.

Lakini watu wengi huiharibu dawa hii kwa namna wanavyoitumia. Huchuma konzi ya majani na kuyatupa motoni. Moto huyateketeza yale mafuta upesi, na kilichobaki ni moshi tu. Ni kweli moshi wowote huwasumbua mbu kidogo, hata moshi wa makumbi ya nazi au wa mavi ya ng'ombe, lakini huwasumbua wenye nyumba zaidi. Macho huwasha, kifua hubana, na watoto wachanga walelewao katika moshi hupatwa na kichomi kuliko wengine. Haifai kumkinga mtoto na ugonjwa mmoja kwa kumtia katika mwingine.

Njia iliyo bora ni kuyapasha majani moto pasipo kuyachoma. Twaa bamba la bati nene au kikaango kikuukuu, ukiweke juu ya jiko la makaa yaliyokwisha kuwaka vema. Ponda kidogo majani mabichi ya kivumbasi, konzi mbili, uyatandaze juu ya bamba. Harufu itatoka bila moshi mwingi. Yakikauka na kuanza kuwa meusi, yaondoe, utie mengine. Majaribio yaliyofanywa magharibi ya Kenya yalionyesha kuwa majani yaliyopashwa moto hivi huwafukuza mbu kuliko yakichomwa. Katika majaribio hayo, majani ya ule mkaratusi unaonuka kama ndimu yalikishinda kivumbasi. Basi mwenye mti huo karibu autumie kwa njia iyo hiyo.

Jiko liwe barazani au mlangoni, upande unakotoka upepo. Usiliingize kamwe katika chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa usingizini kwayo.

Wengine huuliza kama inatosha kuupanda mmea mlangoni. Hupunguza mbu kidogo sana, maana jani lisiloguswa halitoi harufu nyingi. Panda, lakini panda ili uwe na majani ya kuchuma.

PARETO

Wakulima wa nchi za baridi, kama nyanda za juu za Iringa na Mbeya, na za Kenya, wanalo ua lenye nguvu kuliko majani yote. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia. Wajapani walianza kulitengenezea vijiti vya kufukizia mbu karibu na mwaka 1890, na katika miaka ya 1940 Kenya ilikuwa mbele ya nchi zote kwa kulilima. Dawa yake humpooza mdudu, tena humwua.

Nguvu imo katika kichwa cha ua, si katika majani. Chuma maua yaliyofunguka, yakaushe vema, yatwange, na unga wake uuweke katika kopo lililofungwa, mahali pa giza. Mwanga wa jua huimaliza dawa hiyo haraka. Kijiko kimoja cha unga juu ya makaa machache barazani chatosha kwa jioni. Huu nao ni moshi, basi watoto wasiuinamie. Na unga usiumwage karibu na mizinga wala katika bwawa, maana huua nyuki na samaki.

Dawa nyingi zinazotiwa katika vyandarua zilitengenezwa kwa kuuiga mfano wa pareto. Katika miaka ya 1980 na 1990 vyandarua hivyo vilijaribiwa katika vijiji vya Muheza. Tangu hapo mbu wa mahali pengi wameizoea dawa hiyo, na kwa sababu hiyo vyandarua vingine vipya hutiwa dawa mbili. Ukipewa kipya, usiking'ang'anie cha zamani kilichotoboka; hicho kitumie kuzibia dirisha.

KUJIPAKA NA KUJIFUNIKA

Anofelesi mkubwa wa nchi zetu hupenda kuuma miguuni, chini kabisa, mtu anapoketi. Basi ukiwa na mafuta kidogo, usiyamalize shingoni. Paka nyayo na vifundo. Mama apikaye avae nguo ndefu, na watoto wafunikwe miguu. Hii haina gharama.

Mafuta ya mwarobaini hutumika hivi: kijiko kimoja cha chai katika kikombe kimoja cha mafuta ya nazi. Jaribu kwanza mkononi, ungoje siku moja. Ngozi ikiwasha, acha. Mchaichai uliopondwa husaidia pia, lakini harufu yake huruka upesi, hata saa moja haijapita vema. Dawa hizi zisipakwe watoto wachanga, na mafuta ya mwarobaini yasinyweshwe mtoto kwa hali yoyote, maana yamewahi kuwadhuru vibaya. Kula vitunguu saumu ni kuzuri, lakini mbu hawajali.

MAJI

Anofelesi hupenda vidimbwi vidogo vilivyo juani: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, alama za magurudumu. Viluwiluwi vyake hulala juu ya maji kama vijiti, ambapo vya mbu wa chooni huning'inia kichwa chini. Kutoka yai mpaka mbu ni yapata siku 7 hata 14, basi pita mara moja kwa wiki, ufukie au uchimbe mfereji. Huko Ethiopia imeonekana kwamba poleni ya mahindi ikiangukia vidimbwi huvilisha viluwiluwi vikanenepa. Kwa hiyo anza na mashimo yaliyo karibu na mahindi, kabla hayajatoa mbelewele.

Na mtu wa nyumbani akishikwa na homa, apelekwe kupimwa siku ile ile. Majani haya humfukuza mbu. Hayamponyi aliyekwisha kuugua.

KUPANDA KIVUMBASI

Mbegu ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, uzitawanye kando ya bustani mvua zinapoanza, na usizifukie sana. Miche ikiwa na urefu wa kiganja, ipunguze, uache nafasi ya hatua moja. Chuma ncha mara kwa mara ili mmea utoe matawi. Mashina mawili matatu usiyachume kabisa. Yakikomaa, kausha vichwa vyake kivulini, upukute mbegu uziweke katika kibuyu mpaka masika mengine.