Adui wa Kwanza wa Askari ni Ugonjwa

Tukisikia neno jeshi, wengi wetu hufikiria bunduki. Lakini kila jeshi lina kikosi ambacho kazi yake si kupiga risasi. Hicho ni kikosi cha tiba. Leo tujifunze kazi yake, maana inatuhusu hata sisi wa vijijini.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana hapa kwetu. Julai 1916 Waingereza waliteka Mwanza, wakapita Shinyanga kuelekea Tabora. Magari yalikuwa machache. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, yaani ndorobo. Basi mizigo ikabebwa vichwani mwa watu.

Waingereza walichukua wapagazi kama milioni moja, wengi kwa nguvu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakatamka Kariakoo. Ndiyo asili ya jina la Kariakoo ya Dar es Salaam.

Wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Kwa nini? Walipewa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, tena wakaula haujaiva. Walikunywa maji machafu. Walilala mvuani. Waganga walikuwa wachache, na mpagazi alifikiriwa mwisho.

Askari nao waliugua. Kikosi kimoja cha Afrika Kusini kilikuwa na watu zaidi ya 1,100 Februari 1916. Kufika Oktoba, wazima walibaki 116 tu, na wala hakikupigana sana. Wajerumani walipokosa dawa kutoka Ulaya, walitengeneza kwinini kwa magome ya miti iliyopandwa Amani, milima ya Usambara. Walijua kwamba bila dawa hakuna jeshi.

Kwa hiyo, kikosi cha tiba hakingoji majeruhi. Kwanza hupima afya ya askari. Pili, hukagua maji, chakula na vyoo vya kambi. Tatu, hutoa huduma ya kwanza vitani. Nne, humpeleka majeruhi hospitali. Jeshi letu la JWTZ, lililoundwa mwaka 1964, lina hospitali kubwa Lugalo, Dar es Salaam. Raia pia hutibiwa huko.

Sasa tutazame machimbo yetu ya dhahabu, Geita na Kahama. Rashi ikitokea, watu mamia hufika kwa siku chache. Maduara huchimbwa haraka, lakini choo hakichimbwi. Kambi hiyo ina tofauti gani na kambi ya wapagazi? Kipindupindu hakiulizi kama wewe ni askari au mchimbaji.

Tukifika machimboni, tuchimbe choo kabla ya duara. Tuchemshe maji ya kunywa. Tulale ndani ya chandarua. Dhahabu haimfai marehemu.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini wapagazi wengi walikufa?
2. Taja kazi nne za kikosi cha tiba.
3. Katika kijiji au machimbo yenu, nani hukagua maji na vyoo?